John W. Campbell, mhariri aliyeandika kwa mikono ya wenzake

Machi 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, idara ya usalama ya jeshi la Marekani ilituma watu kwenye ofisi za jarida moja la hadithi jijini New York kuuliza nani kavujisha siri. Jarida hilo liliitwa Astounding Science-Fiction, na kwenye vibanda vya magazeti lilipangwa pamoja na hadithi za wachunga ng'ombe na za wapelelezi. Toleo la mwezi huo lilikuwa na hadithi ya Cleve Cartmill iitwayo "Deadline", inayomhusu kachero aliyetumwa kwenye ngome ya adui kuharibu bomu. Kama hadithi, haikuwa na la ajabu. Mambo yanatokea kwenye sayari ya mbali, na pande mbili zinazopigana zinaitwa Sixa na Seilla. Ukiyasoma majina hayo kinyumenyume unapata Axis na Allies, kambi mbili za vita vya wakati ule. Ubunifu wa namna hiyo haumnyimi mtu usingizi.

Kilichowanyima watu usingizi ni bomu lenyewe. Hadithi ilitaja urani-235, ikagusa namna ya kuitenganisha na urani ya kawaida, ikaeleza ugumu wa kuifanya ilipuke kwa wakati unaotakiwa na si kabla. Huko Los Alamos na Oak Ridge, vituo vya mradi wa Marekani wa bomu la atomiki, maelfu ya watu walikuwa wakihangaika na matatizo hayohayo kwa siri kubwa, na bomu lao lilikuwa bado halijawa bomu.

Mhariri wa jarida, John W. Campbell, hakubabaika. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliwaambia maofisa kwamba yote yaliyomo yalikuwa yameshachapishwa kwenye majarida ya fizikia kufikia 1940, na kwamba yeye ndiye aliyempa Cartmill maelezo ya kitaalamu. Halafu akawapa na ushauri wa bure: mkiliondoa jarida sokoni, adui atajua hapa kuna jambo. Jarida halikuondolewa.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinamwonyesha Campbell pande zote mbili. Jina juu ya hadithi ni la Cartmill, wazo ni la Campbell. Tena huyu ni mtu ambaye hata mbele ya jeshi lililo vitani anaamini yeye ndiye mjuzi zaidi chumbani. Mwaka ule alikuwa sahihi. Kuna miaka mingine hakuwa sahihi hata kidogo, na alikuwa na uhakika uleule. Ndiyo maana hadi leo ukitaja jina lake kati ya wapenzi wa hadithi za kisayansi, mmoja atakwambia bila yeye fani hii isingekuwepo kama tunavyoijua, na mwingine atakwambia jina lake lilistahili kufutwa kwenye tuzo. Wote wawili wana hoja, na hoja zao zinatokana na tabia moja ya mtu mmoja.

Alizaliwa 8 Juni 1910 huko Newark, jimbo la New Jersey. Baba alikuwa mhandisi wa umeme katika kampuni ya simu, mtu mkavu asiyeonyesha hisia. Mama alikuwa na dada pacha waliyefanana mno, na hapo ndipo penye kisa alichokuwa akikisimulia ukubwani. Mtoto John anatoka shule, anamkimbilia mama yake, kumbe ni mama mdogo, na mama mdogo hampendi hata kidogo. Sura ni ileile, sauti ileile, lakini ndani ni mtu mwingine. Weka jambo hilo akilini, tutalikuta tena.

Alisoma shule ya bweni, kisha 1928 akaingia chuo cha teknolojia cha MIT. Sayansi alizimudu, Kijerumani kikamshinda, na wakati ule huwezi kuwa mwanasayansi MIT bila Kijerumani. Mwaka 1931 wakamwondoa. Shahada yake ya fizikia aliipatia Chuo Kikuu cha Duke. Akatoka katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, ajira hakuna, akawa anashika kazi hii na kuiacha, ikiwemo kuuza magari.

Lakini tayari alikuwa mwandishi. Hadithi yake ya kwanza kuchapishwa ilitoka kwenye jarida la Amazing Stories, Januari 1930, akiwa na umri wa miaka 19. Ingetangulia nyingine, ila mswada ulipotelea mikononi mwa mhariri na Campbell hakuwa amebaki na nakala. Haraka akajulikana kwa hadithi za vyombo vikubwa vya angani, silaha za kupasua sayari, na mashujaa wanaogundua sheria mpya ya fizikia kila wanapobanwa. Wasomaji walimfananisha na E. E. Smith, bingwa wa mtindo huo. Leo hadithi hizo zinasomeka kwa shida. Ni hesabu nyingi na watu wachache.

Mwaka 1934 alifanya jambo la busara, akajigawa. Kwa jina lake halisi aliendelea kulipua sayari. Kwa jina la bandia, Don A. Stuart, alilolitoa kwa mkewe Doña Stewart, alianza kuandika hadithi tulivu zenye huzuni. Ya kwanza, "Twilight", inatupeleka miaka milioni saba mbele. Mashine bado zinaendesha miji bila hitilafu, chakula kinakuja, taa zinawaka, ila binadamu wameishiwa na hamu ya kujua. Hawaulizi tena chochote. Msafiri aliyefika huko, kabla ya kuondoka, anaiagiza mashine ijitengenezee kitu kilichowapotea wenyeji: udadisi.

Agosti 1938 ikatoka "Who Goes There?", hadithi yake iliyoishi kuliko zote. Watafiti wamekwama kambini Antaktika na kiumbe waliyemfukua kwenye barafu. Kiumbe huyo anaweza kummeza mtu na kuwa yeye, sura, sauti, hata kumbukumbu. Nani bado ni mtu? McReady anabuni kipimo. Kila mmoja anatoa damu yake kidogo, na waya uliochomwa moto unaingizwa ndani ya damu hiyo. Damu ya mtu ni damu tu, itachemka basi. Damu ya kiumbe ni kiumbe kamili, italikimbia joto ili ijiokoe. Wanaume wamekaa duara, wanatazama waya ukisogea kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na kila mmoja anamwombea jirani yake awe ndiye. Sura ya mpendwa, ndani mtu mwingine: ndiyo hofu ya yule mtoto wa Newark. Hadithi hii ilizaa filamu ya 1951, ile ya John Carpenter ya 1982 iliyowatisha watu wengi zaidi, na nyingine ya 2011. Toleo lake refu lilipatikana kwenye makasha ya karatasi za Campbell katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Harvard na kuchapishwa 2019.

Mtu mwenye uwezo huo angetarajiwa kuendelea. Yeye aliacha, au karibu kuacha, akiwa na miaka 28.

Sababu ni kwamba Oktoba 1937 kampuni ya Street & Smith ilimwajiri kuhariri Astounding, na baada ya miezi michache aliyekuwa mkubwa wake akaondoka, akabaki na jarida mkononi. Ni vizuri kuelewa jarida kama hilo lilikuwa nini. Karatasi yake ilikuwa duni, ya manjano, inayomomonyoka baada ya miaka michache. Mwandishi alilipwa takriban senti moja kwa neno, kwa hiyo kila aliyekuwa na njaa alirefusha sentensi. Ila Astounding lilikuwa na sifa moja iliyowavuta waandishi: lililipa hadithi inapokubaliwa. Kwingine ulisubiri hadi ichapishwe, na pengine zaidi ya hapo. Kwa mwandishi mwenye kodi ya nyumba, tofauti hiyo ni kubwa kuliko sifa yoyote ya kifasihi. Ukitaka kujua kwa nini vijana wenye vipaji walipeleka miswada yao kwa Campbell kwanza, anzia hapo kwenye fedha.

Isaac Asimov, mmoja wa waandishi wake, alimuuliza siku moja aliwezaje kuacha kuandika. Jibu alilolisimulia Asimov ni kwamba akiandika mwenyewe anaandika hadithi zake tu, lakini akiwa mhariri anaandika hadithi za watu mia. Wengine wangelisema hilo kwa utani. Campbell alimaanisha.

Isaac Asimov alikuwa kijana wa miaka 18, mwana wa wahamiaji kutoka Urusi waliokuwa na duka la peremende Brooklyn. Juni 1938 alikuwa na hadithi yake ya kwanza na hakujua aitume kwa posta au aipeleke mwenyewe. Nauli ya treni ilikuwa nafuu kuliko stempu, akapanda treni. Alitegemea karani aichukue mlangoni na kumrudisha nyumbani. Badala yake akaingizwa ndani, na yule mhariri mrefu mwenye mabega mapana na sigara kwenye kishikio akazungumza naye zaidi ya saa nzima. Hadithi ilikataliwa ndani ya siku chache, pamoja na barua ndefu ya kueleza kasoro zake. Kijana akarudi na nyingine, ikakataliwa. Akarudi tena. Hadithi yake ya kwanza kununuliwa na Campbell, "Trends", ilitoka Julai 1939. Mwezi huohuo A. E. van Vogt naye alichapishwa kwa mara ya kwanza hapo. Agosti akaja Robert Heinlein na hadithi yake ya kwanza kabisa, na Septemba Theodore Sturgeon. Katika miezi mitatu, mhariri mwenye umri wa miaka 29 alikuwa amewaweka mezani watu watakaotawala fani kwa nusu karne. Wapenzi wa hadithi hizi huziita siku hizo zama za dhahabu, na wengi wanazianzishia kwenye toleo hilo la Julai.

Aliwatakia nini? Kwanza, sayansi isiwe pambo. Ukibadilisha kanuni moja ya dunia, fuata matokeo yake hadi jikoni kwa watu. Pili, usisimame kueleza. Mtu wa kesho haelezi roketi kama sisi tusivyoeleza basi tunapolipanda. Tatu, niletee kiumbe anayefikiri vizuri kama mtu au kumzidi, lakini asifikiri kama mtu. Leo masharti haya yanaonekana ya kawaida kwa sababu alishinda.

Njia yake ya kazi ndiyo iliyozua ubishi ambao haujaisha. Alikuwa akirusha mawazo. Ukikaa naye unatoka na hadithi ambayo hukwenda nayo, na mara nyingine aliwapa waandishi wawili wazo lilelile kwa makusudi, akijua kila mmoja atakwenda njia yake. Machi 1941 alimsomea Asimov maneno ya Ralph Waldo Emerson, mwandishi wa Marekani wa karne ya 19, aliyejiuliza watu wangeabudu kwa kiasi gani kama nyota zingeonekana usiku mmoja tu katika miaka elfu. Wewe unaonaje, Campbell akauliza. Asimov hakuwa na jibu. Mimi naona wangerukwa na akili, akasema mhariri, na akamtuma akaiandike. Ikawa "Nightfall", iliyotoka Septemba mwaka huo, kuhusu sayari yenye majua sita ambako giza huja mara moja tu baada ya karne nyingi, na linapokuja watu wanachoma miji yao wapate mwanga.

Sasa, hadithi hiyo ni ya nani? Wazo ni la Campbell, akimpinga Emerson. Sayari, wanasayansi, waabudu, hofu inayopanda taratibu, hayo ni ya Asimov. Na karibu na mwisho kuna aya moja ya kishairi inayoitaja Dunia, ambayo wenyeji wa sayari ile hawawezi kuijua. Hiyo aliichomeka Campbell mwenyewe bila kuuliza, na Asimov aliichukia maisha yake yote.

Kwa kanuni tatu za roboti mambo yanageuka. Katika mazungumzo ya Desemba 1940 Campbell alizitamka moja baada ya nyingine: roboti asimdhuru binadamu, amtii, ajilinde. Asimov kila mara alisema ni za Campbell. Campbell naye alisema zilikuwa tayari ndani ya hadithi za Asimov, yeye kazichomoa tu na kuzipa maneno. Ni mara chache watu wawili hugombana kila mmoja akimsukumia mwenzake sifa. Naona Campbell alisema kweli, na hapo ndipo alipokuwa mhariri hodari kuliko popote. Alikuwa na jicho la kuona kanuni ambayo mwandishi ameshaifuata bila kujua.

Kuna na kisa cha "The Cold Equations" ya Tom Godwin, Agosti 1954. Msichana amejificha ndani ya chombo kidogo cha angani kinachopeleka dawa, na mafuta yamepimwa kwa uzito wa rubani peke yake. Inasimuliwa kwamba Godwin alirudisha mswada mara tatu, kila mara kagundua ujanja mpya wa kumwokoa binti, na kila mara Campbell akamrudishia. Binti lazima afe. Fizikia haina huruma, na msomaji aliyezoea shujaa anayepata suluhisho dakika ya mwisho anyimwe suluhisho. Hadithi ilipigiwa makofi na ikalaumiwa, kwani wapo wanaouliza, kwa haki, mhandisi gani anatengeneza chombo kisicho na akiba hata kidogo ya mafuta na hata kufuli hakina. Binti aliuawa na uzembe wa kampuni, wanasema, fizikia inasingiziwa. Naungana nao. Ila kwa Campbell swali hilo halikuwa na maana. Alichotaka ni maumivu ya hesabu isiyobadilika.

Pembeni ya mazungumzo hayo yote alikuwepo Catherine Tarrant, msaidizi wake kwa zaidi ya miaka 30, aliyesahihisha miswada, akafuta maneno machafu na kuhakikisha jarida linafika kiwandani kwa wakati. Hadithi za zama za dhahabu humsahau.

Mvutano wa kweli ulikuwa juu ya jambo jingine. Campbell aliamini binadamu lazima amshinde kiumbe yeyote kutoka sayari nyingine, na ukimsikiliza zaidi unatambua kwamba neno binadamu kwake lilikuwa na rangi na lilitokea kaskazini-magharibi mwa Ulaya. Asimov alikuwa Myahudi, miaka yenyewe ni ya Hitler, na hakutaka kuandika hadithi za taifa teule. Hakuwa na ubavu wa kumpinga, akapita pembeni. Alipoanza kuandika mfululizo wa Foundation, nao pia ukitokana na mazungumzo ya Agosti 1941, aliijaza galaksi yake watu watupu, bila kiumbe mgeni hata mmoja. Wasomaji wengi huichukulia galaksi hiyo ya watu peke yao kama uamuzi wa kisanii. Ilikuwa njia ya kumkwepa mhariri.

Heinlein hakukwepa. Campbell alimpa kisa alichokuwa ameshaandika mwenyewe, kuhusu Marekani iliyotekwa na jeshi kutoka Asia na kikundi kidogo kinachoikomboa kwa dini ya uongo na silaha inayochagua watu kwa asili yao. Ikawa "Sixth Column", iliyotoka kwa mfululizo mwanzoni mwa 1941. Heinlein alisema baadaye ilimbidi aigeuzegeuze ili kupunguza ubaguzi uliokuwemo, na hakuiona kuwa fanikio la kisanaa.

Kwa hiyo dalili zilikuwepo mapema. Wanaosema Campbell alikuwa mzuri hadi 1950 kisha akaharibika wanarahisisha mno.

Hata hivyo 1950 ni mwaka wa kukumbukwa. L. Ron Hubbard alikuwa mwandishi wake wa tangu 1938, mwepesi wa kuandika na mwepesi zaidi wa kusema. Alikuja na mbinu ya kutibu akili aliyoiita Dianetics: mgonjwa analala, anarudishwa kwenye kumbukumbu za maumivu, hata za kabla ya kuzaliwa, na zikishasimuliwa zinapoteza nguvu. Campbell alikubali kutibiwa, akasema sainasi iliyomsumbua kwa miaka imepona. Toleo la Mei 1950 likatangaza mbinu hiyo kwa makala ndefu, si kama hadithi bali kama sayansi iliyothibitishwa. Campbell akaingia kwenye bodi ya taasisi ya Hubbard huko Elizabeth, New Jersey, pamoja na daktari Joseph Winter. Haikupita muda Winter akajitoa, na Machi 1951 Campbell naye akatoka. Hubbard aliendelea na safari yake, na kutokana na Dianetics likazaliwa Kanisa la Scientology. Ndoa ya Campbell na Doña ilivunjika katika kipindi hichohicho, na mwaka 1951 alimwoa Margaret Winter, dada wa yule daktari.

Waandishi waliitazama sakata hiyo kwa mshangao. Asimov, aliyekuwa ameshapata shahada ya uzamivu ya kemia, hakuamini hata neno moja. Bahati yao, mwaka uleule lilizaliwa jarida jipya, Galaxy, lenye mhariri mwingine, H. L. Gold, na mwaka mmoja kabla lilikuwa limeanza The Magazine of Fantasy & Science Fiction. Miaka kumi nyuma, aliyekataliwa na Campbell hakuwa na pa kwenda penye hadhi sawa. Sasa alikuwepo mwingine wa kumpelekea. Waliokuwa na uwezo wa kubishana naye ndio waliokuwa wa kwanza kuondoka, na hilo nadhani lilimwumiza kuliko alivyojua, kwa sababu njia yake ilihitaji mtu wa kubishana naye. Alipenda kutamka jambo la kukera ili aone utalijibuje. Mbele ya Heinlein wa 1941 mchezo huo ulizaa hadithi. Mbele ya mwandishi mchanga wa 1956 anayetafuta hundi, ulizaa kuitikia tu.

Tazama kilichotokea kwa mashine ya Hieronymus. Ilikuwa kisanduku chenye saketi, kipande cha madini na sahani ya kugusa. Unazungusha kitufe huku unapapasa sahani, na eti vidole vikianza kuhisi kama sahani inanata, mashine imepata mionzi fulani ya siri. Campbell aliijenga, akasema inafanya kazi. Kisha akagundua inafanya kazi hata isipochomekwa kwenye umeme. Mtu mwingine hapo angehitimisha na kwenda kulala. Campbell alichora saketi nzima kwa wino kwenye karatasi, kila kifaa kikiwa mchoro tu, akatangaza kwamba mchoro nao unafanya kazi, na kwa hiyo kilicho muhimu ni uhusiano wa alama! Mwanafunzi wa fizikia aliyewafundisha waandishi wote kufuata matokeo ya kanuni alikuwa na jibu mbele ya macho yake, kwamba kinachonata ni mawazo ya anayepapasa, akalikataa. Mwaka 1960 akaja na mtambo wa Dean, uliodaiwa kujisukuma bila kusukuma kitu kingine chochote, kinyume cha Newton. Hadithi za nguvu za akili zikajaa jarida, kwa kuwa waandishi walikuwa wameshajua nini kinanunuliwa.

Mwaka huohuo jarida lilibadili jina na kuwa Analog. Campbell hakuwahi kulipenda neno Astounding, lenye maana ya kustaajabisha. Aliliona la kitoto, la enzi za majitu yenye macho ya kutokeza, na tangu 1938 alikuwa akitafuta namna ya kulipunguza. Kwa miezi kadhaa ya 1960 majalada yalichapwa na majina yote mawili, moja juu ya jingine, la zamani likififia kila toleo na jipya likikolea.

Na tahariri zake zilikuwa zinazidi kuwa ndefu na kali. Mwaka 1964, baada ya serikali kutoa ripoti kuhusu tumbaku na saratani, aliandika kuitetea tumbaku. Alikuwa hakosi sigara. Katika miaka ya kupigania haki za watu weusi Marekani, alitetea shule za kutenganisha watoto kwa rangi na akaujadili utumwa kana kwamba ni mfumo wenye faida zake. Marafiki zake walisema anachokoza tu, ndivyo alivyo. Inawezekana. Lakini uchokozi unaoelekea upande mmoja kila mwezi kwa miaka kumi una jina lake.

Jambo hilo halikubaki kwenye tahariri. Samuel R. Delany, mzaliwa wa Harlem, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu aliyeshinda tuzo tayari. Mwaka 1967 wakala wake alimpelekea Campbell riwaya ya "Nova" ili itolewe kwa mfululizo. Shujaa wake, Lorq Von Ray, ana mama mwenye asili ya Senegali na baba wa Kinorwe. Delany amesimulia kwamba Campbell alipiga simu kwa wakala: kitabu amekipenda, lakini haoni wasomaji wake wakimkubali mhusika mkuu mweusi. Hapa hakuna fizikia, hakuna hesabu ya mafuta, na wala si swali la kuchokoza mjadala. Mhariri aliyewaagiza waandishi wafikirie akili isiyofanana na ya binadamu alishindwa kufikiria msomaji wake akimfuata nahodha mwenye ngozi nyeusi. Wasomaji wenyewe hawakuulizwa. "Nova" ilitoka kama kitabu 1968 na bado inasomwa.

Miaka hiyohiyo mhariri huyu ndiye aliyechapisha riwaya ya Frank Herbert tunayoiita Dune, kwa mafungu, kuanzia Desemba 1963. Mwaka 1967 alitoa "Weyr Search" ya Anne McCaffrey, iliyoshinda Hugo, tuzo kubwa ya hadithi za kisayansi, na kuanzisha ulimwengu mzima wa mazimwi wa Pern. Jicho halikuwa limekufa. Lakini Herbert alipoleta mwendelezo wa Dune, Campbell aliukataa, kwa sababu shujaa aliyempenda kwenye sehemu ya kwanza sasa alikuwa anavunjika na kugeuka balaa kwa watu wake. Galaxy wakauchapisha 1969. Herbert alikuwa akionya dhidi ya mashujaa tangu mwanzo, na Campbell alikuwa amesoma kitabu kizima bila kuliona hilo.

Alifariki nyumbani kwake Mountainside, New Jersey, 11 Julai 1971, akiwa na miaka 61, bado mhariri. Alikikalia kiti hicho takriban miaka 34, na Ben Bova akakirithi. Tangu 1973 ilianza kutolewa tuzo yenye jina la Campbell kwa mwandishi chipukizi bora, ikifadhiliwa na wachapishaji wa Analog na kukabidhiwa kwenye hafla ileile ya tuzo za Hugo. Kwa zaidi ya miaka 40 vijana waliipokea na kushukuru.

Agosti 2019, huko Dublin, mshindi alikuwa Jeannette Ng, mzaliwa wa Hong Kong. Alipanda jukwaani akamwita mwenye jina la tuzo fashisti, akasema mtu huyo ndiye aliyeipa fani sura ya kiume, ya kizungu na ya kikoloni, kisha akazungumzia waandamanaji wa mji alikozaliwa. Ukumbi uligawanyika, mitandao ikawaka. Waliomtetea Campbell walisema fashisti ni neno lisilomfaa mtu aliyechapisha magazeti na kubishana na kila mtu, na kwamba Asimov na Heinlein walimwenzi hadi mwisho. Kuhusu neno, wana hoja. Kuhusu tuzo hawana, maana tuzo hiyo hutolewa kwa mwandishi mgeni anayebisha mlango, na mwaka 1967 mgeni mmoja aliyebisha alirudishwa kwa sababu ya rangi ya nahodha wake.

Mwezi haukuisha, mhariri wa Analog akatangaza jina linabadilishwa. Mwaka uliofuata ile hotuba ya Ng yenyewe ilishinda Hugo. Jarida linaendelea kutoka hadi leo, na tuzo inaendelea kutolewa. Sasa inaitwa Tuzo ya Astounding, neno ambalo Campbell alitumia miaka 22 kulifuta kwenye jalada.